Uzi: Tumefinyanga mfupa wa paja kwa udongo wa kichuguu hapa Tabora, ulivyotuvunjikia shingoni mara mbili na tulivyorekebisha

#1 mwl_kichuguu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia shule ya kata huku Tabora. Darasani kwangu nina binti asiyeona, anaandika kwa nukta nundu na anashika kuliko wengi wenye macho mazima. Topiki nyingi tunaenda vizuri, namuelezea kwa mdomo, anauliza, tunasonga. Tulipofika kwenye mifupa nkakwama. Nilichora ubaoni mfupa wa paja, nkaanza, hapa juu ni kichwa, hapa shingo, shingo inapanda juu kuelekea ndani. Akanyoosha mkono akaniuliza, "Mwalimu, ndani kwangu au ndani ya ubao?"

Jamani nilikaa kimya. Sikuwa na jibu ambalo angeweza kulishika, na nilipowatazama wale wanaoona nkagundua hata wao hawajui, wamekopi tu mchoro ulivyo.

Modeli ya plastiki ya mifupa yote tunaiona kwenye picha tu, hela ya kununua hatuna. Mfupa wa kweli wa binadamu sitaki hata kuusikia na nawaomba mtu asije akaniandikia hapa eti ana mahali pa kuupata, huo ni mwili wa mtu. Basi nkasema udongo upo, mikono ipo, tufinyange.

Kwanini paja na sio mkono? Kwa sababu ndio mfupa mrefu na imara kuliko yote mwilini, kwa mtu mzima una kama robo ya urefu wake na zaidi kidogo, kwaiyo mtu wa sentimita 168 hivi ana mfupa wa paja wa kama sentimita 45. Kingine, una kila kitu ambacho mwanafunzi anatakiwa kukijua: kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye nyonga, shingo, vinundu vya kushikia misuli, mti (ile sehemu ndefu ya katikati), na chini kule vichwa viwili vya goti. Ukiuelewa huo, mifupa mirefu mingine haikusumbui.

Sasa makosa yetu, maana ndo yenye faida kwa atakayejaribu.

Udongo wa kwanza tulichota mbugani, ule mweusi, kwa sababu unanata vizuri na uko karibu. Tukafinyanga siku moja, tukaweka kivulini, siku ya tatu mfupa umejaa nyufa kama mbuga yenyewe ya mwezi wa tisa. Nilitakiwa kujua. Udongo ule ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa sana, ndo maana kiangazi unaona mbuga imepasuka mpaka mguu wa mbuzi unaingia. Haufai kitu chembamba kirefu, labda uuchanganye na mchanga mwingi sana.

Hapo ndo nkaelekezwa kwa bibi mmoja mfinyanzi, njia ya kwenda Sikonge, anafinyanga vyungu tangu akiwa msichana. Nimefika asubuhi, nkamsalimia kwa kilugha, mwangaluka mayu (habari za asubuhi mama), akaniitikia, akanipa kigoda, nkamuonyesha picha ya mfupa kwenye simu. Akaiangalia muda mrefuu. Akauliza huu mfupa ni wa mtu? Nkamwambia ndio mayu, ila nataka kuwafundishia watoto, na yupo mmoja haoni. Akasema basi huyo ndiye nitakayemfinyangia, wengine wataangalia.

Alivyonifundisha ni hivi. Chukua udongo wa kichuguu kilichokufa, kisicho na mchwa tena. Mchwa wanapandisha udongo laini kutoka chini na kuushikamanisha kwa mate yao, ndo maana huku watu wanafyatulia matofali na kukandikia nyumba. Upondeponde, uchekeche, uloweke kwenye ndoo, koroga, mawe na mchanga mzito vinakaa chini, ule uji wa juu unamimina kwenye gunia utoe maji. Ukishakuwa mzito uukande, uufunge kwenye nailoni uuache wiki mbili uvunde. Mimi nilitaka kufinyanga kesho yake, akakataa katakata, akaniambia udongo ambao haujalala hauwezi kupinda bila kukatika. Na kweli, wa siku ya kwanza ukiukunja kwenye kidole unapasuka mgongoni, wa wiki ya pili unazunguka kidole vizuri kabisa.

Kabla ya kufinyanga akautia vigae. Anachukua chungu kilichovunjika, anakitwanga mpaka kinakuwa kama chenga za mchele, anachanganya kama sehemu moja ya vigae kwa nne za udongo. Vile vigae vimeshachomwa tayari havisinyai tena, kwaiyo vinaupunguzia udongo wote kusinyaa na vinafungua vinjia vya maji kutoka.

Mfupa wa pili tulifinyanga kwa udongo huo, mzuri, nyororo, tukauweka juu ya ubao. Siku ya nne umekatika shingoni. Nusu ya darasa walisikitika kama wamefiwa. Tukafinyanga mwingine tukaukausha uani kwenye upepo ili uwahi, huo nao ukakatika shingoni, palepale.

Nitaendelea, ngoja kwanza nisahihishe madaftari.

#2 kijana_wa_isevya

Mwalimu usitukatishe hapo bwana. Huyo binti kauliza swali ambalo mimi na form six yangu ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia) nimeanza kulifikiria leo. Nafuatilia.

#3 Mwisho_wa_Reli

Salamu kutoka Kigoma. Mwl samahani, kwanini usingetumia saruji au plasta nyeupe ile ya kuta? Mara moja tu imeganda, hakuna kusinyaa wala kuchoma.

#4 mwl_kichuguu

Mkuu nililiwaza hilo. Saruji inataka uwe na kalibu ya kuimiminia, na ili upate kalibu lazima kwanza uwe na mfupa. Plasta inaganda kabla mtoto hajaamua mkono uende wapi. Udongo unakusubiri, ukikosea unabonyeza, ukikosea tena unabonyeza tena. Na mimi nilichokitaka zaidi ni wao wafinyange wenyewe, sio wapewe mfupa tayari.

#5 tabibu_wa_zamu

Mwalimu, hongera sana, na ngoja nkwambie kitu kuhusu hiyo shingo. Mimi ni tabibu, naona wazee wanaletwa kila mara, bibi kateleza bafuni, babu kajikwaa usiku akitoka nje, na panapovunjika ni hapohapo ulipovunjikiwa wewe. Shingo ya mfupa wa paja. Uzito wote wa kiwiliwili unashuka kwenye kichwa cha mfupa, ila kichwa hakikai juu ya mti moja kwa moja, kimetokeza pembeni kama tawi, kwaiyo shingo inabeba mzigo huku imeinama. Ujanani inaweza, mfupa ni mzito na umejengeka. Uzeeni mfupa unapungua ndani, hasa kwa kina mama wakishakoma hedhi, anguko dogo tu linatosha.

Nkiwa hapa niseme na hili kwa wanaosoma. Mzee akianguka akashindwa kusimama, ukaona mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelalia nje, usimkande, usimvute, usimuite mtu wa kumnyoosha. Mlaze, mguu usichezeshwe, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mishipa inayolisha kichwa cha mfupa inapanda ikiwa imeambatana na shingo, shingo ikikatika na kuhama mishipa nayo inakatika, na kichwa kinaweza kufa kikiwa ndani ya nyonga. Kila siku inayopita inaharibu zaidi. Nimeona familia zimekaa na mgonjwa wiki tatu wakidhani ni mshtuko wa misuli, inauma sana kwa sababu walikuwa wanampenda na hawakujua.

Swali langu kwako, shingo mmeipa mzunguko wa mbele au mmeifanya flati?

#6 mwl_kichuguu

Tabibu umegusa penyewe, na hilo hatukuligundua mimi wala bibi wala wale wenye macho.

Ule wa pili, kabla haujakatika, nilimpa binti aushike ukiwa bado na ugumu wa sabuni ya mche. Akaupapasa taratibu toka juu mpaka chini, akaulaza kwenye dawati, akaunyanyua, akaulaza upande wa pili. Akasema, "Mwalimu, huu hauna mguu." Nkamuuliza una maana gani? Akasema, "Nikiugeuza ni uleule. Mguu wangu wa kulia na wa kushoto haufanani, huu unaweza kukaa popote."

Alikuwa sahihi. Tulikuwa tumefinyanga mchoro wa kitabu, sio mfupa. Mchoro ni bapa, na sisi tukafinyanga kitu bapa chenye unene. Jioni hiyo nilikaa na kitabu cha anatomia nilichoazima nkahesabu tulivyovikosa. Shingo haiendi tu juu na ndani, inasogea mbele kidogo, kama digrii kumi mpaka kumi na tano kwa mtu mzima. Mti wenyewe haujanyooka, umepinda upinde mdogo kuelekea mbele. Kinundu kidogo kipo nyuma upande wa ndani, sisi tulikiweka pembeni kabisa kwa sababu kwenye mchoro ndo kinapoonekana. Na kule nyuma ya mti kuna ukingo mrefu wenye mikwaruzo unaoshuka karibu urefu wote, misuli ya paja inashika hapo, sisi hatukuuweka kabisa maana mchoro wetu ulikuwa wa mbele.

#7 tabibu_wa_zamu

Huyo binti anafaa kufundisha anatomia. Chukua kipimo hiki: mfupa wa paja wa kweli ukiulaza chali juu ya meza bapa, unakalia vitu vitatu, vile vichwa viwili vya goti kwa nyuma na kile kinundu kikubwa cha juu. Kichwa kinabaki kimenyanyuka hewani hakigusi meza. Kama wa kwenu kichwa kinagusa, shingo haijazunguka. Na kujua mguu upi, kichwa kitazame katikati ya mwili, ukingo wenye mikwaruzo uwe nyuma, vichwa vya goti viwe chini, hapo hakuna tena kubahatisha.

#8 Mwisho_wa_Reli

Niongezee la huku kwetu. Tuko jirani na sokwe wa Gombe. Nilipokuwa naongozana na wageni tulielezwa kitu ambacho sikukisahau, angalieni namna mtu anavyosimama, magoti yanakaribiana ila nyonga ziko mbali. Maana yake mfupa wa paja wa binadamu unashuka ukiinamia ndani. Wa sokwe unashuka karibu wima, ndo maana akisimama kwa miguu miwili anayumba huku na huku kila hatua, uzito unahama na mwili mzima. Wetu umeinama ili nyayo zije chini ya mwili.

Na hiyo inamo hata kwenye visukuku, lile goti lililopatikana Hadar kule Ethiopia mwaka 1973, mwaka mmoja kabla ya kile kisukuku maarufu cha Lucy kupatikana hukohuko, walijua ni la kiumbe aliyetembea wima kwa kuangalia tu mfupa wa paja ulivyoinama juu ya goti. Kwaiyo mwalimu ukiusimamisha mfupa wako kwenye vile vichwa viwili vya chini, ukasimama wima kama nguzo, umefinyanga sokwe.

#9 mwl_kichuguu

Mkuu wa Kigoma asante, hili la mwinamo nimelichukua na kesho yake nililisimulia darasani, wote wakasimama kuangalia magoti yao. Binti akapapasa nyonga zake alaf magoti akasema "yanakuja pamoja", hapo nikajua limeingia.

Sasa niendelee na shingo. Nilirudi kwa mayu na vipande viwili kwenye mfuko. Akaviunganisha, akatazama ule mpasuko, hakuuliza kitu akasema umeukausha kwa haraka na umeulaza kwenye kitu kinachong'ang'ania. Akanieleza. Kichwa ni bonge, shingo ni nyembamba. Shingo inakauka kwanza, inasinyaa, kichwa bado kibichi hakijasinyaa, kwaiyo vinavutana na panapokatika ni pale pembamba. Na ule mti mrefu uliolala kwenye ubao unataka kujivuta uwe mfupi, ubao umeushika, hauna pa kwenda isipokuwa kupasuka.

Dawa yake ni tatu na zote rahisi. Usiache bonge lolote ndani, kila sehemu iwe na unene unaokaribiana, kama ukuta wa chungu, unene wa kidole kidogo basi. Ulaze mfupa juu ya majivu makavu ili uteleze ukisinyaa. Na sehemu nyembamba izungushie kitambaa kibichi na nailoni, uziache zile nene zitangulie kukauka, kila siku unafungua kidogo. Kwa huku Tabora mwezi wa sita mpaka wa tisa upepo mkavu unavuta maji balaa, sisi tulikausha siku kumi na mbili ndani ya stoo, mbali na dirisha.

Tulivyofinyanga baada ya hapo, naandika kirefu kwa sababu kuna walimu wameniomba inbox.

Kwanza vipimo. Nilichukua kipande cha udongo uleule nkachora mstari wa sentimita 10, kikakauka, mayu akakichoma pamoja na vyungu vyake, mstari ukabaki sentimita 9.1. Kwaiyo ukitaka mfupa wa sentimita 45 mwishoni gawa kwa 0.91 unapata 49 na nusu, huo ndo urefu wa kufinyanga. Kichwa tulitaka kipenyo cha kama 4.8, tukafinyanga 5.3. Upana wa goti tulitaka 8, tukafinyanga 8.8. Watoto wangu wa hesabu ambao hawapendi kugawa waligawa siku hiyo bila kulalamika.

Mti tuliuzungushia juu ya fimbo. Unasukuma udongo uwe kama chapati ndefu, unaifunga fimbo magazeti ili isigande, unaiviringisha ile chapati juu yake, unabana mshono. Fimbo isibaki humo, udongo ukisinyaa na fimbo isisinyae utapasuka, itoe mara tu mti ukiweza kusimama wenyewe, ule ugumu wa sabuni ya mche niliousema. Kabla haujakaza sana ulaze ukiwa na upinde wake wa mbele, tuliweka tuta dogo la majivu katikati.

Kichwa tulifanya mpira, tukaukata nusu kwa uzi, tukachota ndani kwa kijiko, tukaunganisha tena. Sio mpira kamili, ni kama theluthi mbili ya mpira, na juu yake kuna kishimo kidogo cha kano, kidole cha binti ndo kilikibonyeza. Shingo tuliifanya peke yake kama bomba fupi, tukakata karatasi la boksi lenye pembe ya digrii 125 tukaliegesha kati ya mti na shingo, isilale sana wala isisimame sana. Kila unapounganisha chanja pande zote mbili kwa uma, paka uji wa udongo, bonyeza mpaka uji utoke pembeni, alaf pitishia kijiti. Ukiunganisha bila kuchanja unaambatanisha tu, hakujashikana.

Sasa kitu kilichonifurahisha. Mayu akasema chungu kilichozibwa pande zote kitapasuka motoni, lazima kiwe na tundu la kutolea mvuke. Nkaanza kutafuta pa kutoboa pasipoharibu umbo, nkakumbuka mfupa wenyewe una tundu! Nyuma ya mti, karibu na ule ukingo wenye mikwaruzo, kuna kitundu ambacho mshipa wa damu unapitia kuingia kulisha uboho. Tukatoboa hapohapo.

#10 mama_vyungu

Mwalimu mimi nafinyanga, niko Kasulu. Mayu wako anajua kazi. Naomba nikuulize umechomaje, maana kitu kirefu namna hiyo kikipata moto upande mmoja kinapinda au kinakatika. Na sisi wazee wetu walitumia punje za vigae hivohivo, wengine mchanga wa mtoni. Jirani yangu Mrundi udongo huo anauita ibumba, ukiwa na mawe hataki hata kuugusa.

#11 mwl_kichuguu

Shikamoo mama. Tulichoma hivi, nirekebishe ukiona kosa. Asubuhi tuliuweka mfupa pembeni ya moto mdogo, mbali, tukawa tunaugeuza kila baada ya muda mpaka saa nane mchana, maji yaliyobaki yatoke polepole, kwa sababu yakichemka ndani ya udongo yanakuwa mvuke na mvuke unavunja. Mayu alikuwa anaweka kioo cha mkononi juu ya kile kitundu, kikipata ukungu anasema bado. Kilipoacha kupata ukungu ndo akapanga. Chini mavi ya ng'ombe makavu, juu yake mfupa umelala kati ya vyungu viwili, umefunikwa na vigae vikubwa, kuni pembeni sio juu, alaf mavi tena na nyasi. Moto ukawashwa kwa pande zote kwa wakati mmoja. Tuliuacha mpaka kesho yake asubuhi, hakuna kufunua. Nilitamani sana kufunua.

Mifupa ilikuwa miwili, wa kushoto na wa kulia. Wa kushoto ulitoka mzima, ukiugonga kwa ukucha unalia ting kama kikombe. Wa kulia kichwa kimoja cha goti kilikuwa kimebanduka, na kosa ni langu, nilibakisha bonge humo ndani sikuchota vizuri nikidhani halitajulikana.

#12 mama_vyungu

Marhaba mwanangu. Mmechoma vizuri. Hicho kilichobanduka usikitupe, hicho na vipande vyenu vya zamani vilivyochomwa vitwange ndo vigae vya mfupa ujao.

#13 fundi_mninga

Mwl mimi nina karakana ya mbao hapa mjini, maranda yanajaa gunia kwa gunia nayatupa. Kama mnataka kuchoma bila kukata kuni njoo uchukue bure. Maranda yanawaka polepole, unajaza kwenye pipa la tofali mfupa ukiwa katikati, unawasha juu, moto unashuka wenyewe usiku kucha. Mfupa utatoka mweusi mweusi kwa moshi, na moto wake ni mdogo kuliko wa kuni, ila kwa mfupa wa darasani sidhani kama ina shida.

#14 mwl_kichuguu

Fundi nashukuru sana, Jumamosi nakuja na wanafunzi wawili na mkokoteni. Miombo yetu imeshakatwa vya kutosha, sitaki somo langu liongeze.

#15 Mgeni_Uyui

Samahani mwalimu, swali gumu kidogo. Hamkuogopa? Mtaani kwetu mtu akionekana na mfupa kwenye mfuko, hata wa udongo, watu hawatauliza mara mbili.

#16 mwl_kichuguu

Umeuliza jambo la maana na nilitakiwa kuliandika mapema. Nilienda kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya kuanza nikiwa na picha na kitabu, nkamueleza, na nikamuomba aje siku ya kuchoma, akaja. Wazazi niliwaandikia barua. Mayu naye aliwaambia majirani zake. Mfupa hatukuupaka rangi mpaka ulipofika shule, ulisafiri ukiwa mwekundu wa udongo, ndani ya boksi lililoandikwa jina la shule na somo. Maeneo yetu watu wameumizwa na watu wamepoteza ndugu kwa ajili ya imani za viungo vya binadamu, hofu yao ina sababu, huwezi kuwakasirikia. Unawaeleza kwanza. Na mwalimu yeyote atakayefanya hii naomba asiruke hatua hiyo.

#17 kijana_wa_isevya

Safi sana. Mwl ndani mti uko wazi kama bomba, na wa kweli uko hivo au ni kwa ajili ya kuchoma tu?

#18 mwl_kichuguu

Wa kweli nao uko wazi, uwazi wake umejaa uboho. Tulinunua mfupa wa paja la ng'ombe buchani tukaukata kwa msumeno kwa urefu. Katikati kuta nene ngumu na njia ndani yake, ila kwenye ncha mbili, karibu na nyonga na karibu na goti, hakuna uwazi, kuna kama sifongo ngumu yenye vijinguzo vidogo vidogo. Bomba linabeba kupinda vizuri kuliko fimbo nzima ya uzito uleule, Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliliandika hilo toka mwaka 1638, akitaja mifupa ya ndege na matete.

#19 tabibu_wa_zamu

Na vile vijinguzo havikujipanga ovyo. Ukikata sehemu ya juu ya paja unaona mistari inatoka kwenye kichwa inashuka kufuata njia ya uzito, mingine inakuja kwa upinde upande wa nje kuzuia kuvutwa. Julius Wolff, daktari wa upasuaji Mjerumani, mwaka 1892 ndo alieleza kwamba mfupa unajijenga kufuata mzigo unaobeba. Ndo maana mgonjwa aliyelala kitandani muda mrefu mfupa unapungua, na sisi tunamhimiza asimame mapema.

#20 msomaji_wa_kanyenye

Naomba nichangie la historia. Mwalimu hauko peke yako kwenye njia hii. Bologna, Italia, karne ya 18 kulikuwa na mama anaitwa Anna Morandi Manzolini, alikuwa anatengeneza viungo vya mwili kwa nta na kufundishia anatomia. Alaf karne ya 19 Ufaransa daktari Louis Auzoux akaona nta ni ghali na inaharibika ikishikwashikwa, akatengeneza mwili kwa rojo la karatasi, sehemu zinatoka na kurudi, wanafunzi wanashika. Mngechanganya rojo la karatasi kwenye udongo wenu pia lingesaidia, nyuzi za karatasi zinashika udongo usikatike wakati wa kukauka, motoni zinaungua zenyewe.

#21 mwl_kichuguu

Hili la karatasi nalijaribu kwenye mfupa wa kulia tunaourudia. Madaftari ya zamani yapo mengi.

Nimalizie kuhusu rangi maana nimeulizwa. Tumepaka rangi ya maji ya ukuta nyeupe tuliyoitia maji ya chai ya rangi kidogo, nyeupe tupu inakuwa kama chaki, mfupa sio mweupe hivo. Pale misuli inapoanzia tumepaka nyekundu na pale inaposhika bluu, kama vitabu vya anatomia vinavyofanya. Ila kwa binti rangi haina kazi, kwaiyo palepale penye nyekundu tumegandisha punje za mchanga kwa gundi ya mbao, penye bluu tumebandika uzi wa katani. Anaupitisha mkono anakwambia huu unaanza hapa, huu unashika hapa. Wanaoona wameanza kufumba macho ili wajaribu kama yeye.

Juzi nimewapa jaribio. Nimeweka mfupa wa kushoto kwenye meza chini ya kitambaa, kila mmoja anaingiza mikono anasema ni mguu upi na ajieleze. Kwa watoto 41, 33 wamepata. Binti alitumia kama sekunde tano, akashika kichwa, akashusha kidole gumba nyuma kwenye ule ukingo, akasema kushoto, alaf akaongeza, "Na shingo safari hii inaelekea ndani kwangu."

#22 tabibu_wa_zamu

Mwalimu naomba, mkimaliza wa kulia mnifinyangie mmoja wa ziada wenye shingo iliyokatwa, vipande viwili vinavyoachana. Gharama ya udongo na usafiri nitalipa mimi. Nataka nikae nao pale ninapoongea na ndugu wa mgonjwa, wakishika wataelewa kwanini nasema asikandwe.

#23 mwl_kichuguu

Tabibu hulipi kitu. Ule wa pili uliokatika shingoni bado ninao stoo, vipande vyote viwili, umekatika palepale unapopataka. Hauna mzunguko wa mbele na haujachomwa, ila kwa hilo unalotaka kuonyesha unatosha wakati tunakufinyangia ulio sahihi. Nimemwambia binti, anasema shingo ya huo ataifinyanga yeye.